Sisimizi Bombani

Fundi alivua viatu mlangoni, akaamkia, akakataa kiti alichopewa, kisha akauliza: "Mama, hapa nyumbani asubuhi nani anaoga wa kwanza?"

Nilikuwa nimemwita aje kutazama bomba la bafuni, na swali lake nililiona la kidaku. Nikamjibu kwa mkato kwamba wanaanza watoto, saa kumi na moja na nusu, kwa sababu ya basi la shule. "Na wao wakiwa bafuni, jikoni kunawashwa nini?" Birika la umeme. "Na pasi je?" Pasi pia, maana sare kwangu hunyooshwa asubuhi ileile ya kuvaliwa, hata niimbe vipi. Akachana kipande cha mfuko wa saruji uliokuwa barazani, akaandika: shawa 5500, birika 2000, pasi 1200. Akajumlisha, akagawa kwa 230, ambazo ndizo volti zinazoingia majumbani mwetu, akapiga mstari chini ya jibu. Ampia 38, kwa kukadiria. "Hii ndiyo saa kumi na mbili kasorobo yenu, mama," akasema, kana kwamba ananionyesha picha niliyopigwa bila kujua.

Ilikuwa Juni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo ya Juni na Julai Mlima Meru unaweza kujifunika shuka lake siku nne mfululizo usiuone. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Korogwe kutibiwa magoti, na mtu aliyezeekea kwenye joto la Korogwe humwambii aoge maji ya bomba la Arusha alfajiri. Shawa ya umeme ninayo, nikamfungulia kwa majivuno. Akaingia, akagusa bomba, akatoka na khanga yake kifuani na povu begani. "Mwanangu, bomba lako lina sisimizi."

Sisi wa nyumbani sisimizi wale tulikuwa tunawajua. Walikuwepo tangu mwaka uliopita, mtekenyo mwepesi kwenye ncha za vidole, na dawa yake tulishaipata: kuingia bafuni na kandambili, kisha kufungua bomba kwa haraka kama mtu anayekwapua andazi kwenye mafuta. Watoto walikuwa wanashindana nani atalishika muda mrefu zaidi. Nayaandika haya kwa aibu. Ilibidi atoke mtu Korogwe aje atuambie kwamba bomba la maji halipaswi kutekenya.

Fundi wa kwanza, aliyeifunga shawa ile, nilimpigia. Alikuwa "njiani" kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi jirani yangu mwenye duka la dawa akanipa namba ya mtu aliyemfungia friji za chanjo, akaniambia: huyu hana maneno mengi, lakini anakuja. Nikamhifadhi kwenye simu kama Fundi Umeme 2. Mpaka leo jina lake ndilo hilo, ingawa wa kwanza nilishamfuta.

Kuhusu karatasi, niseme moja. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja, na nilipotaka kuungiwa umeme na TANESCO, fomu yangu ilibidi ipitie kwa mkandarasi aliyesajiliwa, achore mchoro wa nyumba na kugonga muhuri. Ni utaratibu mzuri na siupingi. Nyumba yangu inayo fomu hiyo, safi, ina mchoro na muhuri wa bluu. Ila aliyegonga muhuri hajawahi kupanda kwenye dari langu, na aliyepanda kwenye dari hana muhuri. Nilijua wakati ule, nikanyamaza, kwa kuwa ilikuwa nafuu. Kwa hiyo ninapomlaumu fundi wa kwanza ninajua nami nimo.

Huyu wa pili leseni yake alinionyesha kabla sijamwomba, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha chuo cha ufundi, VETA, kisha akanisahau. Alianza na tesa. Kabla ya kuigusisha shawa, aliipeleka kwanza kwenye soketi ya sebuleni ambayo alijua ina umeme, ikawaka. Akazima meni swichi, akapima bafuni, haikuwaka. Akaiwasha tena meni, akarudi sebuleni kuhakikisha tesa bado inawaka. Kijana wake, saidia fundi ambaye naye anasoma VETA, alikuwa anamwangalia. "Tesa nayo hufa," fundi akamwambia. "Ikifa inakuambia hakuna umeme. Na wewe unaiamini." Ndipo akazima tena, akaanza kufungua. Ule mzunguko wa sebuleni, bafuni, sebuleni, ulimchukua dakika tatu. Nimewaona mafundi wengi wakigusa waya kwa mgongo wa kidole na kucheka.

Akafungua shawa. Ndani kulikuwa na koili tupu, uchi, imekaa kwenye njia ya maji, na imeota ukoko mweupe kama sufuria la miaka mingi. Maji ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano. Floridi iliyomo ndiyo inayowatia watoto wengi wa Arusha meno ya rangi ya chai. Maji yenye madini yanabeba umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na koili ikiwa tupu, sehemu ya umeme inashuka na maji, inamtafuta mtu. "Hii siyo ya maji yenu," akasema. Zipo za maji ya chumvi, ambazo koili zake zimevishwa bomba la chuma kama ile ya birika. Bei inazidi kidogo. Duka lililoniuzia ya kwanza halikuniuliza maji yangu yanatoka wapi, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa.

Halafu akanionyesha waya wa kijani na njano. Huu ndio waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupa umeme unaovuja njia ya kwenda ardhini, ili usipite mwilini mwa mama yangu. Ulikuwepo. Ulikuwa umekatwa, ukakunjwa vizuri na kufichwa nyuma ya kasha. Yule bwana alipoufikia alikuwa ama na haraka ama hajui wa kazi gani, na shawa ikawaka bila huo, kwa hiyo akaona kazi imekwisha. Kiswahili cha mitaani kazi ya namna hiyo kinaiita kulipua. Kwa washonaji na waashi ni msemo tu.

Lakini siwezi kujifanya mtakatifu mbele ya waya huo. Plagi yetu ya miguu mitatu, tuliyorithi kwa Waingereza, ilitungiwa kanuni zake mwaka 1947, na mguu wake wa ethi ulifanywa mrefu kwa makusudi: utangulie kuingia, ufungue vifuniko vya matundu mawili ya chini, ulinzi uwepo kabla ya umeme kufika. Sisi tukipata chaja ya miguu miwili tunafanyaje? Tunachomeka kalamu kwenye tundu la ethi, vifuniko vinafunguka, chaja inaingia. Kalamu hiyo kwangu ilikuwa na mahali pake maalumu juu ya friji.

Kisha akapanda darini. Nilisikia hatua zake juu ya mbao, zikasimama, pakawa kimya kirefu. "Mama, una mtu wa kukushikia ngazi?"

Nilipanda. Akamulika kwa simu. Juu ya bafu, pale waya wa shawa ulipoungwa na waya wa soketi za chumbani, palikuwa na uvimbe wa tepu iliyoyeyuka na kukauka tena, na kwenye mbao ya kenchi chini yake kovu jeusi, mfano wa kiganja kilichopakwa masizi. Aliweka kidole katikati ya kovu, kikaingia kidogo. Mbao ilikuwa mkaa. "Hamkusikia harufu?" Nilisikia. Kwa miezi miwili nilikuwa nasikia harufu ya samaki kila asubuhi, na kila asubuhi nikimsingizia jirani dagaa. Plastiki ya umeme inapopata joto kali, baadhi yake hunuka hivyohivyo, uvundo wa samaki. Jirani nilikuja kumwomba radhi. Hakujua hata kama aliwahi kushitakiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya mtu huyu. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia kutoka Salford, Uingereza, alichapisha mwaka 1841 matokeo ya majaribio yake: waya unaopitisha umeme huzaa joto, na joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo. Zidisha ampia mara mbili, joto mara nne. Shawa yangu ya wati 5500 inavuta ampia 24. Weka kwenye njia yake kiungo kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, ambao kwa macho huuoni na kwa mkono huuhisi, na kiungo hicho kitatoa wati 57 na ushei. Ni ile balbu ya zamani ya wati 60, imewashwa ndani ya tepu, juu ya mbao kavu, kila watoto wangu wanapooga. Kanuni inayompashia bibi yao maji ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inachoma kenchi. Umeme haujui tofauti ya koili na kiungo kibovu. Fundi ndiye anayejua, na ufundi wake wote, ukiuchambua, ni kuamua joto lizaliwe wapi na lisizaliwe wapi. Wenzetu Wakenya wanauita umeme stima, neno lililotoka kwenye meli za mvuke, na tangu siku ile darini naliona lina haki yake: joto limo ndani ya jina.

Tulikwenda dukani pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa cha juu, maana nani hajui fundi na mwenye duka wanavyokonyezana. Orodha yake ilikuwa palepale kwenye karatasi ya saruji: waya wa milimita 6 za mraba, mita 18, breka ya ampia 32, kasha, konekta za shaba, fito ya ethi. Muuzaji akaleta rola ya waya. Fundi akaipima kwa mkono kama mtu anayenunua kuku, akaomba kisu, akavua sentimita mbili za plastiki, akaukwangua uzi mmoja. Chini ya wekundu wa shaba kukatokea weupe. Alumini iliyopakwa rangi ya harusi. Akairudisha bila kusema neno, na muuzaji, bila kusema neno, akaleta rola nyingine kutoka nyuma. Nyepesi ile ilirudishwa rafuni, ikimsubiri mteja mwingine. Hiyo bado inaniuma kuliko bei.

Bei nayo niliijaribu. Nilipoona jumla nikaanza zile nyimbo zetu, fundi nitazame na mimi, mgonjwa ninaye nyumbani. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mama, ufundi tunaweza kuongea," akasema. "Waya hatuongei." Nikaacha na ufundi pia.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza walichana ukuta, vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye sukari. Nilimwuliza kwa nini asikatishe moja kwa moja kutoka kwenye kasha mpaka bafuni, mshazari, aokoe mita mbili za waya ninaoulipia kwa uchungu. Akanionyesha ukuta kwa kidole. Waya hupanda wima, ukalala, ukashuka wima. Siku mtu atakapotaka kutundika saa hapa, atatazama swichi ilipo na kujua waya umepita juu yake. Ukienda mshazari unakuwa siri, na siri ya ukutani huja kugunduliwa na msumari. Kabla ya kuziba alifungua futi kamba, akailaza kando ya mfereji, akapiga picha kila kona, akanitumia. Ninazo mpaka leo, picha kumi na moja za ukuta uliopasuliwa, katikati ya picha za kipaimara.

Nilikaa kibarazani nikimwangalia akifunga konekta moja, na hiyo moja nitaieleza. Alivua plastiki kwa kuuzungusha waya juu ya kisu alichokishika bila kukikandamiza, ili asikate hata uzi mmoja wa shaba; uzi ukikatika, alimwambia kijana, umeupunguza waya na hujamwambia mwenye nyumba. Akasokota nyuzi kuelekea upande inakozunguka skrubu, kwa sababu zikisokotwa kinyume skrubu inapokaza inazifumua. Akaziingiza mpaka mwisho, pasibaki shaba nje wala plastiki ndani. Akakaza. Akavuta kwa nguvu. Akakaza tena, robo ya mzunguko. Kisha akampa kijana avute. Kijana akavuta kwa adabu. "Vuta kama unauchukia," akamwambia. Hakuna tepu iliyotumika mahali popote.

Fito ya ethi iliyokuwepo ilikuwa kipande cha nondo, urefu wa mkono mpaka kiwiko, kimeegeshwa kwenye kifusi cha msingi. Kabla ya kuing'oa alitaka nione. Akachukua balbu ya wati 100, akaiunga upande mmoja kwenye laivu na mwingine kwenye ule waya wa ethi, akaniambia nikae mbali. Balbu ikaona haya: wekundu wa kaa la jana, basi. Umeme ulikuwa unaitafuta ardhi na ardhi haipatikani. Akazunguka nyuma ya nyumba akichagua mahali kama mtu anayetafuta pa kuchimba kisima, akasimama kwenye migomba, ambako maji ya bafuni hutoka na udongo haukauki hata Februari. Hapo ndipo fito mpya, chuma kilichovishwa shaba, ilipogongwa kwa nyundo mpaka ikabaki kichwa tu. Akaunga balbu tena. Iliwaka nyeupe, mwanga ukapiga kwenye majani ya migomba mchana ule wa mawingu, na mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, akapiga vigelegele. Sijui alidhani nini kimetokea. Pengine alijua kuliko mimi.

Mama ana historia yake na umeme. Alikuwa msichana kule Korogwe mwaka 1964, mitambo ya Hale ilipoanza kuzalisha umeme kwa maji ya Mto Pangani, megawati 21. Anakumbuka nguzo zikipita juu ya mashamba ya mkonge, nyaya zikivuma wakati wa upepo, na usiku nyumba yao ikiwa na koroboi. Umeme ulipita kichwani kwake miaka mingi kabla haujashuka kuingia ndani. Nadhani ndiyo maana hakuuzoea kama tulivyouzoea sisi. Alipogusa bomba na kutekenywa, hakufikiri ni jambo la kawaida la mjini. Alitoka.

Siku ya tatu fundi alirudi, sikumwita. Nilidhani amesahau koleo. Alikuja kukaza skrubu. Shaba ikibanwa inakaa, akasema, na baada ya siku moja mbili za kupata joto na kupoa, skrubu huwa imelegea kidogo, hata uliyoikaza mwenyewe. Zote alizikaza tena, nyingine zilikubali kuzunguka na nyingine hazikukubali, akanywa chai, akakataa nauli. Fundi wa mbali asingerudi, hata awe bingwa. Huyu anakaa mitaa miwili kutoka kwangu, watoto wake wanapanda basi lilelile, na kila akipita barabarani anaona taa yangu ya barazani. Kazi yake yote imezibwa kwa plasta na kupakwa rangi. Mgeni akija hawezi kunisifia. Ninayeijua ni mimi na zile picha kumi na moja.

Kitu cha mwisho alichofunga ni breka ya kukamata umeme unaovuja. Mama alitaka aelezwe, na fundi akajaribu: breka hii, bibi, inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukirudi pungufu kwa miliampia 30 inajua umepotelea kwa mtu, inakata kabla hujasema lolote. Mama akafikiri kidogo. "Ni kama kumtuma mtoto dukani ukahesabu chenji." Fundi akacheka mpaka akashika ukuta, akasema hiyo atakwenda nayo chuoni kwa kijana.

Breka hiyo ina kitufe kidogo chenye herufi T. Fundi alisema kibonyezwe mara kwa mara, walau kila mwezi. Ikikata nzima, isipokata apigiwe simu siku hiyohiyo. Mama aliichukua kazi hiyo, akaifanya ya kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa akipanda kwenye kigoda na magoti yake mabovu, akibonyeza, nyumba inazimika yote, televisheni inakufa katikati ya mpira, watoto wanapiga kelele, naye anasema, "Iko macho," halafu anainua kile kishikio taratibu.

Alirudi Korogwe mwezi wa tisa. Jumapili, kama saa saba mchana, simu huita. Hata salamu haitangulii.

"Mmeibonyeza?"